Nadhiri ya Mbeleko

Mamangu aligoma kupasuliwa macho mbele ya daktari mwenyewe, na sababu ya mgomo ilikuwa mimi, ingawa nilikuwa nimekaa kimya kwenye benchi nikiwa nimemshikia mkoba wake.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alikuwa ameshatueleza yote: mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili, kazi yenyewe ni ndogo, siku ya pili anarudi nyumbani. Lakini akizidi kuchelewa, jicho la kulia huenda lisirudi tena. Mama alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akamshukuru, akamwombea dua yeye na wazazi wake, kisha akasema hawezi.

"Kuna nadhiri sijaiondoa," alisema. "Siwezi kulala kitandani kwako ukanifunika mato hali nadhiri ingali shingoni. Nikifa je?"

Mato ni macho. Mama ni mzaliwa wa Mtongwe, huku kwetu Likoni, na hajawahi kuyaita vingine kwa ajili ya daktari wala waziri. Kakangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, aliuliza ni nadhiri gani hiyo. Mama akanyoosha kidole upande wangu. Hanioni vizuri, lakini kidole kilinipata barabara kifuani.

"Huyu," akasema. "Nilisema nitambeba."

Hadithi yenyewe tuliisikia ndani ya gari. Nilipokuwa mchanga nilishikwa na homa iliyokataa kushuka. Nilipelekwa hospitali nikarudishwa, nikanywishwa makombe ya aya za Kurani, nikafukizwa, na bado nilikuwa nikilegea tu mikononi mwa watu. Hapo nyanya yangu, mamake baba, ambaye alikuwa na jamaa kila ng'ambo, akamwamsha Mama alfajiri. Wakavuka maji, wakatembea, mpaka wakafika kwenye jiwe jeupe, refu kuliko mtu, lenye pete ya chuma ubavuni. Nyanya akamwambia Mama ashike ile pete aseme haja yake. Mama akaishika, mimi nikiwa mgongoni, akaahidi kwamba nikipona atanirudisha palepale kwa mbeleko, mgongoni vilevile, na halwa na marashi juu yake.

Nikapona. Lakini nyanya akafa kabla sijaacha ziwa, na yeye ndiye aliyeijua njia. Mama alikuwa kijana bado, alikwenda kule amejifunika buibui gubigubi huku akilia, hakuona upande wala kichochoro. Aliwauliza watu miaka nenda miaka rudi, na kila aliyeulizwa alimtajia jiwe la kwao. Baba naye hakupenda safari za mawe. Na kadiri Mama alivyoendelea kuulizia njia, ndivyo mimi nilivyoendelea kunenepa.

Kakangu ni mtu wa swafu ya mbele msikitini, na mambo ya kuapia mawe hayataki hata kuyasikia. Alisema kwa upole, maana Mama ni Mama, kwamba jambo hilo lina njia yake: atoe kafara, alishe masikini, Mungu ni mwingi wa kusamehe.

"Masikini nitawalisha inshallah," Mama akajibu. "Mtoto nilisema nitambeba."

Sasa niseme jambo moja kuhusu huyo mtoto. Mimi nashona sare za shule. Futi ya kupimia haitoki shingoni mwangu kutwa nzima, kwa hiyo vipimo vyangu navijua kuliko mtu yeyote na sina haja ya kuvitaja hapa. Nina wajukuu. Mama, kwa upande wake, ni mwembamba, na amenifikia begani. Kakangu alinitazama kwenye kioo cha gari, akamtazama Mama, akawasha injini. Sikumpa nafasi ya kusema aliloliwaza.

Usiku ule sikupata raha, nami ni mtu ninayelala vizuri. Niliogopa. Mamangu hutambua rangi ya leso kwa dirisha, akiigeuza geuza kwenye mwanga, na nilikuwa nimeona jinsi siku hizi anavyoikunja tu bila kuiangalia. Ikiwa macho yake yalikuwa yanangojea jiwe, basi jiwe lingetafutwa. Asubuhi nilimwambia mwenzangu wa cherehani kwamba sare za muhula zitachelewa kidogo, walimu wakija awape chai.

Tukaanza kuzuru. Ukiwa Likoni kila pahali ni kuvuka maji, kwa hiyo dalili ile ya Mama haikutupunguzia kazi sana. Nilichokijua ni kwamba siku hizi vitu vya kale vimewekewa vibao, na penye kibao kuna mtu wa karibu anayejua hadithi. Tukaanza na vibao.

Kwanza tulikwenda Kisauni, pale Kengeleni. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipita pale nikiwaza bei ya vitambaa, sijawahi kusimama. Kengele yenyewe ipo kando ya barabara, na maelezo yake yanasema ilipigwa kuwaonya watu waliokombolewa utumwani, waliokuwa wamepewa makazi pale, wapate kujificha wakiona hatari inakuja. Nilimsomea Mama. Akapapasa nguzo kwa viganja vyote viwili, chini mpaka alipofikia, akitafuta pete.

Mwanamke aliyekuwa akikaanga viazi karai karibu na hapo alituuliza tumepoteza nini. Mama akamweleza, na mwanamke yule akafuta mikono akatuvutia viti. Alisema yeye ni mjukuu wa mjukuu wa mtu aliyeisikia kengele ile kwa masikio yake. Huyo bibi yao aliletwa mdogo sana, hakujua kwao ni wapi. Alikuja na wimbo mmoja wa kumbembeleza mtoto, kwa lugha ambayo hapakuwa na mtu wa kumtafsiria, na wimbo huo bado wanaimbiwa watoto wao kanisani na nyumbani, hakuna anayejua maana yake. Mama akamwomba auimbe. Akauimba, huku viazi vikiungua kwenye karai, na Mama akawa anafuatisha kwa kichwa kana kwamba anaujua.

"Si hapa," aliniambia tulipoinuka. "Lakini tumefanya vyema kuja."

Mimi nilikuwa nimekasirika kidogo, kwa kuwa jua lilikuwa kali na tulikuwa tumekaa muda mrefu bila kupata chochote. Mama alikuwa amepata viazi vya bure na rafiki mpya, na walikuwa wameshaahidiana kutembeleana.

Safari ya pili ilikuwa Nyali. Huko kuna mnara wa msalaba, kaburi la mke wa mmisionari wa zamani na mtoto wao mchanga. Nilifikiri, mnara ni mweupe, ni mrefu, uko karibu na maji, huenda. Kakangu alisema hata kama Mama hakuona siku ile, msalaba angeuona. Hata hivyo alitupeleka, kwa sababu tarehe nyingine ya daktari ilikuwa imeshapangwa na hakutaka ipite kama ile ya kwanza.

Mama akapapasa tena. Pete hapakuwa. Akaniuliza ni nani aliyelala hapo, nikamsomea: mama na binti yake, mtoto wa siku chache tu. Nilidhani tutaondoka mara moja. Badala yake Mama alijishusha chini, kwenye nyasi, akakaa.

"Mwenzangu huyu hakupata," akasema.

Aliinua mikono akamwombea dua yule mama na mtoto wake. Niligeuka nimwangalie kakangu, maana nilijua ana la kusema kuhusu dua ya mahali kama pale. Alikuwa ameangalia baharini. Nami nikaketi chini kando ya Mama, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza niliyofahamu kwamba kulikuwa na siku moja ambayo mamangu alinifunga mgongoni bila kujua kama atarudi na mtoto au na maiti. Maisha yangu yote nilikuwa nimeichukulia homa ile kama hadithi ya kuchekesha ya utotoni.

Mlinzi wa nyumba ya jirani alikuja kuona ni watu gani waliokaa chini. Alimwamkia Mama shikamoo, akachutama. Alipoambiwa jiwe jeupe lenye pete, aliuliza, "Pete ya chuma, upande wa majini?"

"Upande wa majini," Mama akasema, na sauti yake ikabadilika. "Upepo ulikuwa wanipiga usoni."

"Basi hilo liko kwetu, mama. Jomvu Kuu. Sisi twaliita Kwa Bibi, kaburi la bibi mmoja mcha Mungu."

Nilitaka twende saa ileile. Mama akakataa kabisa. Nadhiri haiendewi mikono mitupu, alisema, tena si kwa nguo za matembezi. Alitaka marashi, alitaka halwa nzuri si ile ya kuuma meno, na alitaka leso mpya. Tulikwenda dukani karibu na feri. Kwa kawaida mamangu hanunui leso mpaka asomewe jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini, na jina likiwa la mafumbo atakaa nalo mpaka muuzaji achoke. Siku hiyo hakuuliza jina. Aliichukua ile doti, akaivuta kati ya mikono yake kupima urefu.

Nyumbani nilitoa mkasi, kwa kuwa leso huja vipande viwili vimeungana, na kazi ya mwanzo ni kuvikata na kuvipinda. Mama akasikia mkasi ukifunguka.

"Usikate."

"Mama, haivaliki bila kukatwa."

"Nimekwambia ya kuvaa? Pinda ncha, katikati uwate."

Nikapinda ncha, katikati nikapaacha. Nilipoitandaza mezani nikaona alivyokuwa ameipima: kipande kimoja hakikututosha wawili, viwili vilitutosha.

Tulifika Jomvu Kuu asubuhi nzuri yenye upepo. Gari tuliliacha karibu na msikiti, tukafuata njia ya miguu katikati ya mihogo na minazi, kakangu mbele na kikapu cha halwa, mimi nikimshika Mama mkono. Jiwe lilikuwa pale juu, linatazama mkono wa bahari. Lilikuwa limepakwa chokaa juu ya chokaa. Chini yake palikuwa pamefagiwa, na vichupa vya marashi vilivyokwisha vilikuwa vimepangwa vizuri kama vyombo vya kabatini. Mwanamke mmoja wa hapo alikuwa akianika duvi, wale kamba wadogo, kwenye mkeka kando.

Sikumwelekeza Mama. Alikwenda mwenyewe, akazunguka upande wa upepo, akanyoosha mkono, na mkono ukaishika pete bila kupapasa. Ilikuwa imeliwa na kutu lakini bado nzima. Akaegemeza paji la uso kwenye chokaa akalia kwa sauti, mamangu ambaye hata kwenye matanga hulia kwa kujifuta tu. Nami nililia, na sikujali nani ananiona.

Aliponyamaza akaniita. Nikaitika abee.

"Wasema vyote vina vibao siku hizi. Hapa kipo?"

Kilikuwepo. Kipya, cha bati, kwenye mguu wa zege. Nilikuwa nimeshakisoma nilipokuwa nikifuta machozi, na nilitamani nisingekuwa nimekwenda skuli. Kakangu pia alikuwa amekisoma. Nilimwangalia, nikingoja aseme, kwa kuwa haki yake ilikuwa imeandikwa pale kwa herufi kubwa. Alinitazama tu, na uso wake haukuwa na furaha ya mshindi.

"Msomee," akasema pole pole.

Nikasoma, sikuruka neno. Kibao kilisema nguzo ile ilijengwa na wapimaji wa bahari ili kuongoza vyombo vinavyoingia, na pete ilikuwa ya kufungia kamba. Hakuna aliyezikwa hapo.

Mama alibaki ameishika pete. Mwanamke wa duvi, aliyekuwa akitusikiliza tangu tulipofika, ndiye aliyeanza kusema.

"Walipokuja kuchimba mguu wa kibao, mji mzima tulitoka. Wazee na Kurani zao, sisi na ubani. Twaogopa watauvunja mfupa wa Bibi. Wakachimba, wakachimba, wallahi hata ukucha! Chini ni zege na chuma tu. Tukarudi majumbani tumenyamaza siku hiyo, hakuna aliyepika."

"Na sasa?" Mama akauliza.

"Sasa waja vilevile. Watoto walishapona, mamangu. Tuwarudishie homa zao?"

Kakangu akakohoa. Mimi nilikuwa nikimtazama Mama tu. Niliogopa kwamba safari yote, na lile jicho la kulia pamoja nayo, vingeishia kwenye kipande kile cha bati. Nilikuwa tayari kusema kwamba huenda si jiwe lenyewe, tutafute lingine. Mama aliiachia pete, akajipangusa mkono kwenye buibui.

"Wamechelewa kuandika," akasema. "Nami sikuahidi kibao. Toa leso. Ndoo hapa, inama nikufunge."

Tulirudi nyuma mpaka penye njia, kwa kuwa mtu hubebwa kutoka mahali kwenda mahali. Mama akasimama mbele yangu akanipa mgongo. Nikainama mpaka kidevu changu kikapata bega lake, akapitisha leso nyuma yangu, akaivuta chini ya makwapa, akapiga fundo kifuani kwake. Lile fundo lilikuwa la uhakika. Mikono yake ilikuwa haijasahau. Alinukia udi na asumini. Nilikunja magoti nikaanza kutembea naye nikiwa nimechutama, nikidhani tumeweza.

Akasimama. "Miguu yako iko tini."

"Itakuwa wapi kama si chini, Mama?"

"Kubebwa gani huku na miguu tini? Inua."

Mwanamke wa duvi alikuwa ameshaziba mdomo kwa upindo wa leso yake, mabega yanamcheza. Nikainua mguu mmoja. Mama akayumba. Nikauteremsha kwa hofu, na hapo nikahisi mikono miwili ikinishika kiunoni kutoka nyuma, na ardhi ikaniacha.

Alikuwa kakangu. Kikapu cha halwa alikuwa amekitua mchangani. Alininyanyua kama gunia la mchele, akitweta sikioni mwangu.

"Mimi siliendei jiwe," akasema. "Namshika Mama asianguke."

Aliyeshikwa nilikuwa mimi, lakini sikumsahihisha. Tulikwenda hivyo watu watatu, Mama mbele na fundo lake, mimi katikati nimekunja miguu kama kuku wa kuchinjwa, na kakangu nyuma akilitaja jina la Mungu kila hatua, sijui kwa ibada au kwa uzito. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Kifua changu kilikuwa juu ya mgongo wa Mama, nikausikia nao ukitikisika kwa kicheko. Tukafika. Mama akaishika pete.

"Nimemleta," akasema.

Kisha akafungua fundo nikashuka. Marashi alimnyunyizia kila aliyekuwepo, kakangu mtu wa kwanza, naye akafunga macho akapokea. Halwa tuligawa mpaka kwa watoto waliokuwa wakitoka madrasa. Kipande cha mwisho kakangu alikula mwenyewe, amekaa chini ya kibao, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli.

Tarehe ya daktari haikupita. Mama alilala kitandani kwa daktari bila neno, na siku ya pili mimi ndiye niliyekuwa mbele yake wakati muuguzi alipomwondolea kifuniko cha jicho la kulia. Alipepesa, akatokwa na machozi, akafutwa. Halafu akanitazama kweli, kama ambavyo hajanitazama kwa muda mrefu. Alianza na uso, akapanda mpaka kichwani. Ushungi wangu ulikuwa umeteleza nyuma na sikuwahi kuuvuta.

"Mvi zote hizi zako?"

"Zangu, Mama."

Nilianza kujifunika kwa aibu, akanishika mkono nisifunike. Aliziangalia moja moja, kama anavyoiangalia leso kwenye mwanga.

"Alhamdulillahi," akasema. "Siku ile niliomba ukue tu."